Saratani ya tezi: Picha ya katikati ya matibabu yaweza kukwambia nini?

Asubuhi moja ya Jumamosi mwaka jana, mama mmoja alipanda ngazi hadi kliniki yangu iliyo orofa ya tatu, karibu na Barabara ya Moi, katikati ya jiji la Nairobi. Nyuma yake alikuwa mwanawe wa umri wa miaka 24, fundi wa kurekebisha simu katika barabara ya Luthuli. Kijana alivaa kofia ya sufu kuficha kichwa kilichonyonyoka nywele. Mama alibeba bahasha kubwa ya hospitali, ameikumbatia kifuani kama mtu abebaye hatimiliki ya shamba. Kumbe hatimiliki nayo ilikuwamo mkobani.

"Daktari," akaniambia kabla hata ya kuketi, "hapa wameandika 4 kwa 5. Jirani yangu asema saratani ikifika nne ni kwisha. Niambie ukweli. Nikiuza shamba nimpeleke India, atapona?"

Msomaji, swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mimi si mtaalamu wa saratani. Ni daktari wa kawaida, yule unayemwendea kwanza ukiwa na homa au kikohozi. Hata hivyo, siku hizi wengi huniletea majibu ya picha ambazo hawakuelezwa vizuri, na jibu lisiloeleweka laweza kuuza shamba la ukoo bure. Laweza pia kumfanya mgonjwa aache dawa wakati ambapo dawa ndiyo kwanza inaanza kazi.

Ugonjwa wenyewe

Mwilini mwako mna tezi ndogo nyingi zilizotapakaa shingoni, kwapani, kwenye kinena, kifuani na tumboni. Kazi yake ni kuchuja viini na kuwalea askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu. Unapojikata mguuni na kinena kikavimba, huo ndio mtoki, nao ni dalili kwamba askari wako kazini. Limfoma ni saratani inayowashika askari hao hao. Badala ya kulinda, wanaanza kuzaana ovyo.

Kuna aina nyingi za limfoma, lakini makundi makubwa ni mawili. La kwanza ni limfoma ya Hodgkin, iliyopewa jina la daktari Thomas Hodgkin wa London aliyeieleza mwaka wa 1832. Hii hupenda kuwashika vijana. Kundi la pili ni limfoma zote zilizobaki, na moja kati yake ilitambulika hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka wa 1957 daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt, akiwa katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, aliwaona watoto waliovimba mataya kwa namna ambayo hakuna aliyekuwa ameifafanua vyema. Mwaka uliofuata aliandika habari zao, na ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini wakiuliza, hospitali baada ya hospitali, ni wapi unapopatikana. Kwa hivyo limfoma si ugonjwa wa Wazungu, kama wengine wanavyodhani.

Dalili zake ni uvimbe wa tezi usiouma na usiopungua kwa wiki kadhaa, homa isiyoeleweka, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kukonda bila sababu. Ole wetu, dalili hizi zinafanana mno na za kifua kikuu cha tezi, na katika nchi yetu kifua kikuu ni kingi. Fundi wetu wa simu alipokuja kwangu mara ya kwanza na uvimbe shingoni, nilimwandikia dawa za kuua viini. Wiki tatu baadaye nikamwandikia nyingine. Ni mara ya tatu ndipo nilipomtuma akatwe kinyama kipimwe kwa hadubini. Najutia wiki hizo hadi leo, nami nazitaja hapa ili zikufae. Tezi isiyopungua ndani ya wiki tatu au nne yapaswa kuchunguzwa, na kipimo kinachoamua ni cha kinyama, wala si cha kukisia.

Sukari inayong'aa

Picha iliyokuwa ndani ya bahasha ya mama yule inaitwa skani ya PET, na hupigwa pamoja na skani ya kawaida ya CT katika mtambo mmoja. Tofauti yake ni hii: CT huonyesha umbo na ukubwa wa uvimbe, ilhali PET huonyesha kama uvimbe huo ungali hai.

Inafanyaje kazi? Chembe nyingi za saratani ni walafi wa sukari, jambo lililogunduliwa na mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg katika miaka ya 1920. Wataalamu huchukua aina ya glukosi na kuifungia chembe za florini-18, ambazo hutoa miale. Mgonjwa hudungwa sindano ya sukari hiyo kisha hupumzika kwa muda wa saa moja. Chembe zenye njaa huimeza, zikashindwa kuitumia, nayo ikanaswa humo ndani. Mtambo nao hunasa miale na kuchora mahali ilipotoka. Penye saratani hai hung'aa kama taa za jiji zinavyoonekana usiku kutoka vilima vya Ngong.

Shida ya florini-18 ni kwamba haingoji. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya dakika 110 hivi. Ukiitengeneza saa sita mchana ikiwa na nguvu 100, kufikia saa saba na dakika 50 imebaki 50, na saa tisa na dakika 40 imebaki 25. Mwaka wa 1976, sukari hii ilipotumiwa kwa binadamu mara ya kwanza huko Philadelphia, Marekani, ilibidi isafirishwe kwa ndege kutoka maabara ya Brookhaven. Hebu fikiria kuisafirisha kwa gari katika msongamano wa Barabara ya Thika saa kumi na moja jioni. Ndiyo maana hospitali yenye PET huhitaji kuwa na saiklotroni, mtambo unaotengeneza chembe hizo, papo hapo au karibu.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kenya aliyehitaji picha hii alilazimika kupanda ndege kwenda India au Afrika Kusini. Leo inapatikana jijini, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan iliyoko Parklands, na pia katika hospitali ya umma ya mafunzo na rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoko Kahawa nje kidogo ya jiji. Zote mbili zina saiklotroni zao. Kwa hivyo jambo la kwanza nililomwambia mama lilikuwa hili: picha ambayo angeifuata India alikuwa tayari ameishika mkononi.

Kwa nini katikati ya dawa?

Wengi huuliza: si tungoje dawa ziishe ndipo tupige picha? Zamani ndivyo ilivyokuwa. Mgonjwa wa Hodgkin alianza mseto wa dawa nne uitwao ABVD, akaendelea nao miezi sita, na mwisho ndipo ikajulikana kama umefaa. Aliyekuwa na ugonjwa mkaidi alipoteza nusu mwaka. Aliyekuwa na ugonjwa mwepesi naye alimeza sumu nyingi kuliko alizohitaji.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Watafiti walijiuliza kama yangeweza kuonekana mawingu mapema. Mwaka wa 2007 madaktari wa Italia na Denmark, wakiongozwa na Andrea Gallamini, walichapisha habari za wagonjwa 260 wa Hodgkin, wengi wao wakiwa na ugonjwa uliokwisha kusambaa. Walipigwa picha ya PET baada ya mizunguko miwili tu ya dawa, yaani baada ya miezi miwili hivi. Waliokuwa na picha safi, 95 katika kila 100 walifikisha miaka miwili bila ugonjwa kurudi wala kuendelea. Waliokuwa bado na tezi zinazong'aa na wakaendelea na dawa zile zile, ni 13 tu hivi katika kila 100 waliofika hapo salama. Picha hiyo moja ilitabiri vizuri kuliko orodha ndefu ya vipimo vya damu na umri vilivyotumiwa kabla yake.

Hata hivyo, utabiri usioweza kubadilisha kitu haumsaidii mgonjwa. Kwa hiyo utafiti mwingine uitwao RATHL, ulioendeshwa Uingereza, Italia, Australia na nchi nyingine na kuchapishwa mwaka wa 2016, ulikwenda hatua mbele. Zaidi ya wagonjwa 1,100 walipigwa picha baada ya mizunguko miwili. Karibu 84 katika kila 100 walikuwa na picha safi. Hao waligawanywa kwa kura: nusu wakaendelea na dawa zote nne, nusu wakaondolewa bleomisini, dawa inayoweza kuharibu mapafu. Baada ya miaka mitatu makundi hayo yalikuwa karibu sawa, 86 dhidi ya 84 hivi katika kila 100 wakiwa hawajarudiwa na ugonjwa. Waliopunguziwa dawa hawakuumia mapafu sana kama wenzao.

Na wale ambao picha zao zilikuwa bado zinang'aa? Walibadilishiwa wakapewa mseto mkali zaidi. Baada ya miaka mitatu, 67 hivi katika kila 100 walikuwa bado hawajarudiwa na ugonjwa. Tafiti mbili tofauti hazilinganishwi kama magunia mawili kwenye mizani, lakini tofauti ya 13 na 67 yatosha kuonyesha kwamba jibu baya lililopatikana mapema si hukumu. Ni onyo la kubadili njia.

Alama tano

Sasa turudi kwa ile namba iliyomnyima mama usingizi. Mwaka wa 2009 wataalamu walikutana katika mji wa Deauville, Ufaransa, wakakubaliana namna moja ya kusoma picha hizi. Waliweka alama tano, na kipimo chao ni viungo vya mgonjwa mwenyewe.

Alama ya 1: hakuna kinachong'aa pale palipokuwa na ugonjwa.

Alama ya 2: panang'aa, lakini si zaidi ya damu iliyo katika mishipa mikubwa ya kifua.

Alama ya 3: panang'aa kuliko damu hiyo, lakini si kuliko ini.

Alama ya 4: panang'aa kuliko ini kwa kiasi.

Alama ya 5: panang'aa kuliko ini kwa mbali sana, au kumezuka mahali papya penye ugonjwa.

Kwa kawaida 1, 2 na 3 huhesabiwa kuwa jibu zuri. 4 na 5 huhesabiwa kuwa jibu la kutia shaka.

Msomaji, hapa ndipo jirani wa mama alipopotoka. Alichanganya alama ya picha na hatua ya ugonjwa. Hatua ya nne, ambayo watu huiita "stage 4", hueleza saratani imesambaa kiasi gani siku ilipogunduliwa. Alama ya 4 hueleza tu jinsi tezi inavyong'aa ikilinganishwa na ini baada ya dawa. Ni vitu viwili tofauti. Tena, katika limfoma ya Hodgkin hata aliye katika hatua ya nne ana nafasi nzuri ya kupona akitibiwa ipasavyo.

Vyote ving'aavyo si dhahabu

Methali hiyo ingeandikwa mlangoni pa kila chumba cha PET. Mtambo hauoni saratani. Huona sukari tu. Kitu chochote kinachokula sukari kwa wingi kitang'aa: kifua kikuu, nimonia, tezi za mtu mwenye virusi vya HIV ambavyo havijadhibitiwa, au kidonda kinachopona. Sindano za kuongeza chembechembe nyeupe za damu huufanya uboho wa mifupa ung'ae wote. Hata baridi ya Nairobi mwezi Julai yaweza kudanganya, kwa kuwa mwili uliopoa huchoma mafuta ya pekee yaliyoko shingoni na mabegani, mahali pale pale tunapotafuta tezi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kubadilisha dawa kwa ajili ya alama ya 4 au ya 5, daktari mwangalifu huuliza: je, mgonjwa ana kikohozi? Amepimwa kifua kikuu? Je, tezi hiyo yaweza kukatwa kinyama kipimwe tena? Usichukie ukiambiwa kuna kisu kingine. Ni afadhali kisu kidogo kuliko miezi ya dawa kali usizozihitaji.

Vilevile usidhani kwamba kila limfoma hufuata kanuni za Hodgkin. Katika limfoma nyingine inayoshika watu wazima wengi, ile ya chembe kubwa aina ya B, picha ya katikati hutabiri pia, lakini kubadilisha dawa kwa sababu yake hakujaleta faida ile ile. Utafiti wa Ujerumani uitwao PETAL, uliochapishwa mwaka wa 2018, uliwabadilishia wagonjwa wenye picha mbaya wakapewa mpango mkali unaotumiwa kutibu limfoma ya Burkitt. Hawakufanya vyema kuliko walioendelea na dawa zao za awali, na madhara yaliongezeka. Hivyo basi, jirani aliyebadilishiwa dawa baada ya picha si kielelezo chako. Kwanza jua aina ya limfoma uliyo nayo.

Jitayarishe hivi

Ikiwa wewe au jamaa yako ametumwa kupigwa picha hii, yashike haya.

Picha ya katikati haina maana sana bila ya kwanza. Uliza mapema, kabla ya dawa kuanza, kama utahitaji picha ya mwanzo ya kulinganishia. Ukiweza, picha zote zipigwe katika hospitali moja, nawe uitishe nakala katika CD uihifadhi.

Picha hupigwa karibu na siku ya mzunguko unaofuata, wala si siku chache tu baada ya dawa, maana dawa yenyewe husababisha mwasho mwilini. Kumbuka kwamba mzunguko mmoja wa ABVD una vipindi viwili vya dripu, kila baada ya wiki mbili. Mizunguko miwili basi ni dripu nne. Hesabu vizuri usije ukaenda mapema.

Usile kwa saa nne hadi sita kabla ya sindano. Maji matupu yanaruhusiwa, tena ni mazuri. Chai ya maziwa na sukari ni chakula. Usikimbie wala kuinua mizigo siku iliyotangulia, na usitafune kitu, iwe chingamu au miraa, kwani misuli inayofanya kazi nayo hula sukari. Vaa sweta.

Mwenye kisukari aseme mapema, wala asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe. Sukari ikiwa juu sana picha huharibika na huenda ukarudishwa nyumbani. Mwenye mimba, anayeshuku ana mimba, au anayenyonyesha aseme kabla ya kudungwa. Baada ya picha, kaa mbali kidogo na watoto wachanga na kina mama wajawazito kwa saa kadhaa. Miale hiyo itakwisha yenyewe.

Kuhusu gharama, picha moja hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF, na viwango vya malipo ya saratani hubadilishwa mara kwa mara. Uliza ofisi ya SHA ya hospitali yako, kabla ya siku ya picha, ni kiasi gani kitalipwa, na usisahau kwamba dawa nazo hutoka katika mfuko huo huo. La muhimu kuliko yote: kamwe usiruke dripu ili uweke akiba ya picha. Picha haimtibu mtu, dawa ndizo zinazotibu. Ikiwa pesa hazitoshi zote mbili, mwambie daktari wako wazi. Skani ya CT na uchunguzi wa mikono bado vina kazi yake, na wengi walipona limfoma kabla PET haijafika Kenya.

Shamba halikuuzwa

Nilimwomba mama arudishe hatimiliki nyumbani kwanza. Kisha nikampigia simu daktari wa saratani anayemtibu kijana. Waliikata tezi moja ndogo ya shingo. Kifua kikuu hakikuwemo. Chembe za Hodgkin zilikuwemo, tena hai. Wakambadilishia dawa wiki iyo hiyo. Zilikuwa kali. Kuna siku alinipigia simu usiku akisema, "Daktari, bora niache tu." Nilimuuliza kama picha ya kwanza ingali kwenye simu yake. Alikuwa ameifuta, kwa maana hakutaka kuiona tena. Nikamwambia basi akaipige nyingine ya kuweka mahali pake.

Picha iliyofuata ilikuwa alama ya 2. Amemaliza dawa, amerudi Luthuli, na nywele zimeota. Siwezi kukwambia amepona kabisa, kwa sababu miaka miwili ya kwanza ndiyo ya kuchungwa zaidi, na yeye hurudi kliniki kila baada ya miezi mitatu. Ninaloweza kukwambia ni kwamba kama picha ile ingengojewa hadi mwisho wa miezi sita, tungekuwa tukizungumza mambo mengine.

Nawe msomaji, pitisha mkono shingoni leo unapooga. Ukiguswa na kivimbe kisichouma, kisichotaka kuondoka, usingoje kiume wala usinywe dawa ya dukani mwezi mzima. Nenda ukaonwe na daktari. Akikuandikia dawa mara mbili bila nafuu, mwombe kwa heshima akutume ukapimwe kinyama. Hata akiwa ni mimi.